Kusoma takwimu za umma ili kuijua hali ya wanawake wa Unguja na Pemba: mwongozo wa hatua kwa hatua

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania ilihesabiwa kuwa na watu 61,741,120, na kati yao waliohesabiwa Zanzibar walikuwa 1,889,773, yaani takribani watu watatu katika kila mia. Hesabu hiyo ndogo inatosha kumfundisha msomaji tahadhari ya kwanza. Kila unaposoma kwamba asilimia fulani ya "wanawake wa Tanzania" wana akaunti ya benki, au wana ajira, au wana kauli juu ya fedha zao, unasoma kwa kiasi kikubwa habari za Bara, kwa sababu hata kama wanawake wote wa Visiwani wangejibu kinyume kabisa na wenzao, wastani ule ungesogea kwa pointi tatu tu. Mwanamke wa Micheweni, kaskazini ya Pemba, hayumo ndani ya namba hiyo kwa namna inayoweza kuonekana, na anayetaka kumwona hana budi kumtafuta katika jedwali jingine.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa kiongozi wa kikundi cha akiba anayeandika maombi ya mkopo, mwalimu wa skuli, mwandishi wa habari, sheha, diwani, na mwanafunzi anayetayarisha tasnifu. Haumtaki msomaji awe mtaalamu wa takwimu. Unamtaka awe na subira, awe na kompyuta yenye programu ya lahajedwali, na awe tayari kusoma maswali yaliyoulizwa kabla ya kuyaamini majibu.

Hatua ya kwanza: andika swali lako kwa sentensi moja

Kabla ya kufungua faili lolote, andika kwenye karatasi jambo unalotaka kulijua, na ndani ya sentensi hiyo utaje ni nani, ni wapi na ni lini. "Hali ya wanawake Pemba" bado ni mada. Swali ni hili, ambalo nitalitumia mfano hadi mwisho: Je, wanawake wa Mkoa wa Kaskazini Pemba wanaojipatia fedha wana kauli juu ya matumizi ya fedha hizo?

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni kwamba ustawi una sura nyingi ambazo haziendi pamoja. Mwanamke anaweza kuwa na kipato na asiwe na kauli, anaweza kuwa na elimu ya sekondari na asiwe na kazi, na anaweza kuishi katika nyumba yenye jokofu na umeme ilhali mfukoni hana hata nauli ya daladala ya kwenda kwao. Anayeanza na data bila ya swali hujikuta amekusanya majedwali ishirini na hana la kusema, au, lililo baya zaidi, huchagua jedwali linalokubaliana na alichokuwa akikiamini tangu mwanzo.

Hatua ya pili: jua kila chanzo kinajua nini

Takwimu rasmi za Zanzibar hutolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, ambayo huweka ripoti zake katika tovuti ya ocgs.go.tz, na tafiti kubwa za Muungano hufanywa kwa pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Bara. Vyanzo vinavyohusu wanawake ni vichache, na kila kimoja kina eneo lake.

Sensa inamhesabu kila mtu, wa kila umri, hadi ngazi ya shehia, lakini kwa kuwa inamuuliza kila mtu haiwezi kuuliza mambo kwa kina. Itumie kupata idadi, umri, elimu, hali ya ndoa na aina ya makaazi. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar wanawake 974,281 na wanaume 915,492, ambayo ni wastani wa wanaume 94 kwa kila wanawake 100.

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto, unaojulikana zaidi kwa ufupisho wake wa TDHS, ndio unaoingia ndani ya nyumba. Ule wa 2022 uliwahoji wanawake 15,254 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini kote, na mikoa mitano ya Zanzibar ilipewa sampuli ya kutosha kusomeka mmoja mmoja. Humo mna maswali ya nani anaamua, nani anamiliki, nani ana simu, nani amepigwa. Ni chanzo chenye utajiri mkubwa, ila kina mpaka ambao watu husahau: mwanamke wa miaka 50 na kuendelea hakuhojiwa. Bibi wa miaka 58 anayefunga mwani huko Maziwa Ng'ombe na kulea wajukuu wanne hayumo kabisa katika majibu hayo.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya ndio unaotoa kiwango cha umaskini. Kwa mujibu wake, umaskini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ulikuwa asilimia 30.4 mwaka 2014/15 na ukashuka hadi asilimia 25.7 mwaka 2019/20, huku Pemba ikiwa na hali ngumu kuliko Unguja. Jua, hata hivyo, jinsi namba hiyo inavyopatikana: matumizi ya kaya nzima hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa wanakaya kwa kuzingatia umri na jinsia zao, kama kwamba kila mmoja alipata sehemu yake ya haki. Hesabu hiyo haina njia ya kujua kuwa samaki mkubwa alikwenda kwenye sahani ya baba. Kwa hiyo utafiti huu unaijua kaya maskini, na kuhusu mwanamke maskini ndani ya kaya isiyo maskini uko kimya.

Utafiti wa nguvu kazi, kama ule wa 2020/21, unahusu ajira, ukosefu wa ajira na saa za kazi. Nitaurudia hapo chini, kwa sababu ndio unaohitaji kusomwa kwa uangalifu kuliko zote.

Mwisho kuna kumbukumbu za kiutawala, yaani kesi zilizoripotiwa polisi, wanafunzi walioandikishwa skuli, kilo za mwani na karafuu zilizosafirishwa. Hizi hutoka kila mwezi au kila mwaka na hazina kosa la sampuli, yaani lile linalotokana na kuhoji wachache kwa niaba ya wote. Kasoro yake ni kwamba zinahesabu kilichofika mezani kwa karani, na kisichofika hakihesabiwi.

Kwa swali letu la mfano, chanzo kinachofaa ni TDHS, kwa kuwa ndicho pekee kinachouliza moja kwa moja nani huamua.

Hatua ya tatu: soma dodoso kabla ya kusoma jedwali

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Ripoti zote hizi huwa na dodoso nyuma, katika viambatisho, na watu wengi hawafiki huko. Mimi nimejifunza kuanzia huko.

Chukua neno "kazi". Katika tafiti hizi mwanamke huulizwa kwanza kuhusu siku saba zilizopita. Kwa mfanyakazi wa ofisi au wa hoteli swali hilo halina tatizo, kwani wiki zake zinafanana. Mkulima wa mwani hafuati wiki, anafuata mwezi wa angani na maji yake. Bamvua likija, maji yanakupwa hadi mbali na yeye anashuka pwani na kamba zake, anapiga vigingi, anafunga mbegu kwa taitai, yaani vijikamba vyembamba, anavuna na kupandisha mzigo uliolowa kwa kichwa. Maji mafu yakiingia, pwani haishukiki, na yeye hubaki nyumbani akianika na kusubiri. Niliwahi kukaa kibarazani na mama mmoja wa Micheweni siku kama hizo, nikamuuliza kwa maneno yale yale ya dodoso kama alifanya kazi yoyote katika siku saba zilizopita. Alinijibu, "Wapi, mwanangu, nipo tu." Nyuma yake palikuwa pameanikwa mwani kwenye majamvi mawili, na mikono yake ilikuwa ikichambua takataka zilizonasa kwenye rundo la tatu.

Jibu la "nipo tu" ndilo linalohitaji kueleweka. Waandaaji wa tafiti wanalijua tatizo hili, na kwa sababu hiyo dodoso huwa na maswali ya kufuatilia: je, una kazi au biashara ambayo hukuwepo kwa muda? Je, ulifanya kazi katika miezi 12 iliyopita? TDHS huweka mifano ndani ya swali lenyewe, kama vile kuuza vitu au kusaidia shamba la familia, ili mhojiwa asidhani kazi ni mshahara tu. Kwa hiyo unapoona jedwali la ajira, angalia kwanza kama linahusu siku saba au miezi 12. Kwa wanawake wa pwani ya Pemba na ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989 na ambako wengi wa wakulima wake ni wanawake, mimi huchukua la miezi 12, nikalitaja la siku saba pembeni ili msomaji auone mwanya uliopo kati ya mawili.

Kuna mpaka mwingine katika neno hilo hilo. Tangu viwango vya kimataifa vya takwimu za kazi vilipobadilishwa mwaka 2013, mtu anayelima au kuvua kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake anahesabiwa kuwa amefanya kazi, lakini hahesabiwi kuwa na ajira. Mwanamke anayelima muhogo wa kula na watoto, akachokoa kombe za kitoweo na akateka maji, anaweza kumaliza siku akiwa hoi na bado akaandikwa kuwa yuko nje ya nguvu kazi. Maana yake si kwamba takwimu imekosea. Maana yake ni kwamba jedwali la ajira linajibu swali la malipo, na anayetaka kujua mzigo wa kazi atafute sehemu ya matumizi ya muda katika utafiti wa nguvu kazi, ambayo inagawa saa 24 za mtu kati ya kazi ya malipo, kazi ya nyumbani, malezi na mapumziko.

Neno la pili la kulichunguza ni "mkuu wa kaya". Ripoti nyingi hulinganisha kaya zinazoongozwa na wanawake na zile zinazoongozwa na wanaume, na matokeo yakaitwa hali ya wanawake na wanaume. Usiukubali mlinganisho huo kwa haraka. Ukuu wa kaya ni jibu linalotolewa na wanakaya wenyewe, na katika visiwa vyetu linategemea mambo mengi. Mwanamume mwenye wake wawili katika nyumba mbili anaweza kutajwa kuwa mkuu katika nyumba zote mbili au katika moja tu, kulingana na aliyehojiwa na alikolala usiku huo. Mke ambaye mumewe yuko Muscat au Dar es Salaam na anamtumia fedha kila mwezi yumo kundi moja na mjane asiye na wa kumtumia. Mtaliki aliyerudi kwa wazee wake na watoto watatu haonekani popote, kwa sababu kwenye jedwali yeye ni "mtoto wa mkuu wa kaya". Huyu wa mwisho ndiye ninayemhofia kuliko wote, maana talaka ni jambo la kawaida mno kwetu na njia ya kurudi kwao ndiyo iliyo wazi kwa wengi. Ukitaka kumwona, acha ukuu wa kaya na utumie hali ya ndoa ya mwanamke mwenyewe, kisha ipishanishe na uhusiano wake na mkuu wa kaya.

La tatu ni "kumiliki ardhi". TDHS huuliza kama mwanamke anamiliki nyumba au ardhi, peke yake au kwa pamoja na mwingine. Swali hili ni la haki, lakini Zanzibar ina historia yake: kwa desturi miti ilimilikiwa mbali na ardhi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Mwanamke aliyerithi fungu la mikarafuu kutoka kwa baba yake, na akapata karafuu zake kila msimu, anaweza kujibu kwa ukweli kabisa kuwa hana ardhi. Mwenzake mwenye sehemu katika shamba la urithi ambalo halijagawanywa, na ambalo kaka zake ndio wanaolivuna, anaweza kujibu kuwa anamiliki. Jedwali litampa wa pili utajiri alionao wa kwanza.

Hatua ya nne: tafuta nani amehesabiwa na nani ameachwa

Kila asilimia ina kigawanyo, yaani jumla ya watu ambayo imehesabiwa juu yake, na mara nyingi kigawanyo hicho kimeandikwa kwa herufi ndogo juu ya jedwali. Turudi kwenye swali letu. TDHS inauliza: kwa kawaida nani huamua jinsi fedha unazozipata zitakavyotumika, wewe mwenyewe, mume wako, au nyote wawili kwa pamoja? Swali hilo huulizwa kwa wanawake walio katika ndoa au wanaoishi na mwenza, ambao walifanya kazi katika miezi 12 iliyopita na wakalipwa kwa fedha taslimu.

Tazama ni wangapi wametoka. Wametoka wajane na wataliki, wametoka wasioolewa, wametoka wanaosaidia shamba la mume bila ya malipo, na wametoka wanaolipwa kwa kitu, mathalani mwanamke anayechambua karafuu za jirani na kulipwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Waliobaki ni kundi lililo afadhali tayari. Ukiandika kwamba asilimia kubwa ya "wanawake wa Pemba" huamua matumizi ya fedha zao, umelifanya kundi dogo lenye kipato lizungumze kwa niaba ya wote. Andika kama ilivyo: miongoni mwa wanawake walioolewa wenye kipato cha fedha taslimu. Kisha uweke pembeni namba ya pili, ya kiwango cha wanawake walioolewa ambao hawana kipato hicho, kwa kuwa ndiyo inayoipa ya kwanza ukubwa wake.

Kwa wale wasio na kipato, yapo maswali matatu ambayo wanawake wote walioolewa huulizwa: nani huamua kuhusu matibabu yako, kuhusu manunuzi makubwa ya nyumbani, na kuhusu kwenda kuwatembelea jamaa zako. Hilo la tatu huonekana dogo kwa mgeni. Anayejua maana ya kwenda kumtazama mama mgonjwa au kuhudhuria maziko hatalidharau.

Hatua ya tano: shuka mkoani, lakini usishuke zaidi ya kamba yako

Zanzibar ina mikoa mitano na wilaya 11. Watu wake katika Sensa ya 2022 walikuwa hivi: Mjini Magharibi 893,169, Kaskazini Pemba 272,091, Kusini Pemba 271,350, Kaskazini Unguja 257,290 na Kusini Unguja 195,873. Namba hizi zinaonyesha kosa ambalo nimeliona hata katika ripoti za watu waliosoma. Mtu huchukua asilimia za mikoa mitano, huzijumlisha, hugawa kwa tano na kuandika kuwa huo ni wastani wa Zanzibar. Kwa kufanya hivyo Kusini Unguja, yenye watu 10 katika kila 100 wa Zanzibar, imepewa sauti ya watu 20, na Mjini Magharibi, yenye watu 47 katika kila 100, imepunguziwa hadi 20 vilevile. Wastani sahihi hupatikana kwa kuzidisha asilimia ya kila mkoa kwa idadi ya wanawake wake wanaohusika, kujumlisha, na kugawa kwa jumla ya wanawake hao.

Anayetumia data ghafi ya TDHS, ambayo hutolewa kwa maombi yenye maelezo mafupi ya utafiti, atakutana na jambo hilo kwa sura nyingine. Kwa kuwa Zanzibar huchukuliwa wahojiwa wengi kuliko fungu lake la watu, kila mwanamke katika faili ana uzito wake, uliomo katika safu ya v005, na uzito huo hugawanywa kwa 1,000,000 kabla ya kutumiwa. Mkoa umo katika v024, hali ya ndoa katika v501, uhusiano na mkuu wa kaya katika v150, swali la nani huamua juu ya kipato katika v739, na yale matatu ya maamuzi ya nyumbani katika v743a, v743b na v743d. Misimbo ya mikoa ihakiki katika maelezo ya faili lenyewe, kwani hubadilika kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Ukisahau uzito, programu haitakuonya, na jedwali litatoka zuri na la uongo.

Ukishapata namba ya mkoa, jiulize imesimama juu ya wanawake wangapi. Ripoti za TDHS zina desturi nzuri ya kuiweka ndani ya mabano asilimia iliyotokana na wahojiwa 25 hadi 49, na kuweka nyota badala ya namba pale wahojiwa walipokuwa chini ya 25. Iheshimu mabano hayo. Kwa mfano wa hesabu tu, wanawake 40 wakihojiwa na nusu yao wakasema ndiyo, asilimia 50 hiyo inaweza kwa haki kabisa kuwa 35 au 65, na kwa kuwa wahojiwa huchukuliwa kwa makundi ya majirani, mashaka huwa makubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kuigawa TDHS kwa wilaya, halafu kwa rika, halafu kwa elimu, ni kutia kamba fupi katika kisima kirefu. Ukihitaji wilaya au shehia, nenda kwenye sensa na uridhike na maswali yake machache.

Kuna jambo moja la kuongeza juu ya matabaka matano ya utajiri yanayotokea katika kila jedwali la TDHS. Matabaka hayo hupangwa kwa Tanzania nzima, kwa kutazama mali kama umeme, sakafu, choo na vyombo vya usafiri. Kwa kipimo hicho kaya nyingi za Zanzibar, hasa za mjini, huangukia matabaka ya juu, si kwa sababu watu wake ni matajiri, bali kwa sababu wanalinganishwa na vijiji vya Bara visivyo na umeme wala bomba. Anayetaka kuwalinganisha Wazanzibari kwa Wazanzibari na apange upya alama za utajiri kwa kaya za Zanzibar peke yake.

Hatua ya sita: unapolinganisha miaka, ondoa kwanza yasiyohusika

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, watu wa Zanzibar waliongezeka kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773, ambayo ni nyongeza ya asilimia 45. Kwa hiyo taarifa yoyote isemayo kuwa idadi ya wanawake wenye biashara, au waliopata mikopo, au waliofika kituo cha afya imeongezeka kwa asilimia 45 katika miaka hiyo kumi, haijasema chochote kuhusu mwanamke mmoja mmoja. Igawe kwanza kwa idadi ya wanawake wa mwaka husika. Kinyume chake pia ni kweli: kiwango cha umaskini kilishuka kati ya 2014/15 na 2019/20, lakini kwa kuwa watu walikuwa wakiongezeka kwa asilimia 3.7 kila mwaka, idadi ya watu maskini haikushuka, na huenda hata iliongezeka kidogo.

Kipato kilinganishwe baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kwa kutumia fahirisi ya bei ya Zanzibar, ambayo hutolewa kila mwezi mbali na ile ya Bara. Gawa kipato kwa fahirisi ya mwezi wake na uzidishe kwa 100; hapo ndipo shilingi ya mwaka huu na ya zamani zitakapoweza kukaa kwenye mstari mmoja.

Misimu nayo izingatiwe. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na ukilinganisha mwaka wa msimu mkubwa na mwaka wa msimu mdogo utaona wanawake wa Pemba wamedidimia au wamenyanyuka ghafla, ilhali kilichobadilika ni mti.

Takwimu za udhalilishaji wa kijinsia zinataka uangalifu wa peke yake. Hutolewa hadharani mara kwa mara, na magazeti huzipokea kwa vichwa vya habari vya "udhalilishaji waongezeka". Zinahesabu matukio yaliyoripotiwa. Pale ambapo familia zilikuwa zikimaliza mambo kwa suluhu ya nyumbani na sasa zinakwenda polisi, namba hupanda wakati hali inaweza kuwa ile ile au hata nafuu, na mkoa wenye namba ndogo unaweza kuwa ndio wenye ukimya mkubwa. Ziweke sambamba na majibu ya TDHS, ambamo mwanamke huulizwa kwa faragha kuhusu ukatili aliowahi kufanyiwa, akiwa aliripoti au hakuripoti. Na kamwe usitoe jedwali la shehia lenye tukio moja au mawili pamoja na umri wa aliyedhulumiwa, kwani katika kisiwa chetu kila mtu atamjua ni nani, na takwimu iliyokusudiwa kumlinda itakuwa imemwanika.

Hatua ya saba: andika namba pamoja na mwili wake, kisha irudishe kwa wenyewe

Namba moja iliyoandikwa vizuri ina mambo matano ndani yake: nani aliulizwa, wapi, lini, aliulizwa nini, na namba imesimama juu ya watu wangapi. Kwa swali letu sentensi itakuwa ya namna hii, ukijaza kutoka kwenye jedwali: "Miongoni mwa wanawake walioolewa wa miaka 15 hadi 49 wa Kaskazini Pemba waliopata fedha taslimu kwa kazi katika miezi 12 kabla ya utafiti wa 2022, asilimia kadhaa walisema huamua wenyewe au pamoja na waume zao jinsi ya kuzitumia, wahojiwa walikuwa kadhaa, na wanawake walioolewa wasio na kipato cha fedha, ambao hawakuulizwa swali hili, ni asilimia kadhaa ya walioolewa wote." Ni sentensi ndefu, na mhariri atataka kuifupisha. Mruhusu akate maneno, asikate hata moja kati ya hayo matano.

Kisha, kabla ya kuipeleka kwa diwani au kwa mfadhili, isome mbele ya wanawake inaowahusu. Waulize wao wangejibu vipi swali lile, na neno "kuamua" wamelielewaje, maana wapo watakaokwambia kuwa huamua wenyewe, na ukiendelea kuwasikiliza utagundua kuwa fedha zao zote huishia kwenye ada za skuli na unga, na kwamba hapakuwa na la kuamua. Hayo yaandike chini ya jedwali kwa maneno yao, bila ya majina. Kwa vikundi vya mwani chagua siku za maji mafu, baada ya sala ya alasiri, wakati mzigo umeshaanikwa na watu wamekaa barazani.